Jitu la Uganda Lililotungwa Tennessee

Mwaka 1982, kwenye shamba moja huko Hendersonville, jimbo la Tennessee, Wamarekani wachache walikuwa wakitengeneza Uganda. Walikuwa na kamera, miti ya kutosha, na barafu kavu iliyotoa moshi ili mahali paonekane msitu wenye ukungu. Ndani ya moshi huo alipita pande la mtu: futi sita na inchi saba, kilo zaidi ya 170, kifua wazi, miguu mitupu, uso na tumbo vimepakwa rangi, mkuki mkononi. Mashabiki wa mieleka wa Memphis wakaambiwa kwamba huyo ni Kamala, Jitu la Uganda, na kwamba aliwahi kuwa mlinzi wa Idi Amin.

Mwenye mwili huo aliitwa James Harris. Alizaliwa Mississippi mwaka 1950, akachuma matunda na kuendesha malori Florida, na huko Uganda hakuwa na ndugu wala jirani.

Kwa msomaji wa Tanzania hadithi hiyo ina kichekesho chake. Miaka mitatu tu kabla ya hapo, tarehe 11 Aprili 1979, majeshi yetu pamoja na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni yaliingia Kampala na kumng'oa nduli Amin. Waliokwenda vitani walitoka kila upande wa nchi, na walichokutana nacho huko ni vifaru, mizinga na ndege za MiG. Mlinzi wa Amin anayetembea pekupeku na mkuki angeweza kuuzwa Memphis. Kibiti, mkoani Pwani, asingepata mnunuzi.

Hata hivyo aliuzika, tena kwa miaka mingi. Maisha yake yanafaa kusimuliwa huku kwetu kwa sababu yanagusa swali ambalo kijana yeyote wa miraba minne anayeota kamera angepaswa kujiuliza mapema: mwili ukishanifikisha jukwaani, nitaruhusiwa kusema nini?

Ubishi wa kibanda umiza

Kibiti iko kilomita zipatazo 140 kusini mwa Dar es Salaam, kwenye barabara ya Lindi na Mtwara. Abiria wengi huijua kupitia dirisha la basi, mkono mmoja umeshika korosho na mwingine unadai chenji. Ukishuka ukaingia mitaa ya nyuma, jioni utakuta vibanda umiza vya kuonyeshea video: kuta za mabati, mabenchi yasiyo na egemeo, pazia zito mlangoni ili mwanga usiharibu picha, na ubao wa ratiba ulioandikwa kwa chaki. Siku hizi ubao huo ni wa Simba, Yanga na mpira wa Ulaya. Lakini kizazi kilichokua miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 kililelewa humo na vitu vitatu: picha za Kihindi, mateke ya Wachina, na mieleka ya Marekani.

Mieleka ndiyo iliyokuwa na ubishi. Kundi moja liliapa kwamba watu wanapigana kweli, likataja damu na mifupa iliyovunjika. Kundi la pili lilicheka: vipi mtu apigwe kiti cha chuma kichwani, azirai, kisha baada ya dakika mbili asimame na kushinda? Ubishi huo ulikuwa umeshapatiwa jibu rasmi Februari 1989, pale kampuni ya mieleka ya WWF ilipolieleza Baraza la Seneti la New Jersey kwamba kazi yake ni burudani na mshindi hupangwa. Sababu ilikuwa pesa: burudani haikuhitaji kusimamiwa na tume ya michezo ya jimbo wala kulipa tozo zake.

Jibu hilo halikuumaliza ubishi, na kwa haki. Mwisho wa pambano hupangwa, ila kilo 170 zinapoanguka kwenye mbao zilizofunikwa turubai hakuna aliyeupangia mgongo usiumie. Mwanamieleka ana jina la kazi, vazi, adui aliyepangiwa na mwisho anaoujua. Huyo tayari ni mwigizaji. Anapoitwa kwenye filamu anahama chumba tu, nyumba ni ile ile.

Na kibandani kulikuwa na mtu mwingine ambaye Wamarekani hawakumfikiria: mtafsiri. Kina Lufufu huku kwetu, na DJ Afro kule Kenya, walikaa na maikrofoni na kuiingiza filamu nzima kwenye Kiswahili, kwa utani, methali na majina ya mitaa yetu. Hawakutafsiri tu yaliyosemwa. Jambazi bubu aliyesimama mlangoni alitiwa maneno mdomoni, akatukana, akalalamikia mshahara, akamsalimia mama mkwe. Watazamaji walilipia filamu ya kigeni, ila kicheko walikipata kwa mtu mkubwa aliyepewa ulimi ambao mwandishi wa filamu alimnyima.

Mshahara wa kukoroma

Kamala hakuwa na mtafsiri. Harris alianza mieleka mwaka 1978 kwa jina la Sugar Bear, baada ya kufunzwa Michigan alikokutana na mkongwe Bobo Brazil, mmoja wa Wamarekani weusi wa mwanzo kuheshimika ulingoni. Alizunguka majimbo ya kusini, akavuka hadi Uingereza, akarudi nyumbani akiuguza kifundo cha mguu. Ndipo alipokutana na Jerry Lawler na Jerry Jarrett, waendeshaji wa mieleka ya Memphis, nao wakaona katika kimo chake kitu cha kuuzwa.

Masharti yalikuwa mepesi kuyataja na magumu kuyaishi. Asizungumze Kiingereza mbele ya watu, ingawa ndiyo lugha ya mama yake. Akorome, apige tumbo lake kwa viganja, ashangae taa. Asijue hata namna ya kumlaza mpinzani: sheria inataka mabega yaguse chini, yeye akawa anamlaza mtu kifudifudi na kumkalia, huku umati ukicheka ujinga wa mtu wa porini. Kando yake alipewa msimamizi, Kim Chee, mwanamume aliyeficha uso kwa kinyago na kuvaa kofia ya mabwana wa kikoloni. Kazi yake ilikuwa kumwelekeza, kumtuliza na kumgeuza mpinzani upande sahihi. Ukiitazama picha hiyo leo, huhitaji digrii ya historia kujua nani kapewa nafasi ya mtu na nani kapewa nafasi ya mnyama.

Na ilileta watu. Kamala alipambana na André the Giant mwaka 1984. Kati ya 1986 na 1987 alizungushwa miji mingi ya Marekani akigombana na Hulk Hogan, nyota mkubwa kuliko wote wa enzi hizo. Tarehe 29 Agosti 1992 alisimama uwanja wa Wembley, London, mbele ya umati uliotangazwa kuwa zaidi ya watu 80,000, kupambana na Undertaker. Novemba mwaka huo wawili hao walirudiana katika pambano ambalo anayeshindwa huwekwa ndani ya jeneza. Aliyewekwa alikuwa Kamala.

Kuhusu Wembley, Harris alikuja kusimulia baadaye kwamba yeye alilipwa dola 13,000, na kwamba aliambiwa mwenzake amepata dola nusu milioni. Hesabu hiyo ni yake. Lakini lisilo na ubishi ni kwamba mwaka uliofuata aliondoka WWF na kurudi kwenye usukani wa lori, kazi aliyokuwa akiifanya kabla ya moshi wa Hendersonville. Alirejea ulingoni mara kwa mara kwa miaka iliyofuata, kila mara kwa rangi na mkuki ule ule, maana hakuna aliyekuwa tayari kumlipa James Harris aje kama James Harris.

Kisukari kikamkata miguu yote miwili, wa kushoto Novemba 2011 na wa kulia Aprili 2012. Akiwa kwenye kiti cha magurudumu alitengeneza viti vya mbao kwa mikono yake na kuviuza. Mwaka 2015 akatoa kitabu cha maisha yake, *Kamala Speaks*, yaani Kamala anasema. Alikuwa na miaka 65. Tarehe 9 Agosti 2020 alifariki dunia Mississippi kwa matatizo yaliyotokana na UVIKO-19, akiwa na miaka 70.

Memphis ina mkia wa hadithi hii. Mwaka 2009, miaka 27 baada ya jitu la kutunga kuonyeshwa hapo, timu ya mpira wa kikapu ya mji huo, Grizzlies, ilimchagua mchezaji wa pili kwa nafasi kati ya vijana wote walioingia NBA mwaka ule: Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu wa mita 2.21. Afrika Mashariki ikawa imepeleka jitu la kweli, refu kuliko Kamala kwa kiganja kizima na zaidi. Alivaa jezi yenye jina lake mgongoni na kuzungumza na waandishi wa habari kama mchezaji mwingine yeyote.

Sinema na majitu yake

Kamala mwenyewe hakuwa nyota wa filamu, lakini wenzake waliovuka kwenda Hollywood walikuta sharti lile lile likiwasubiri mlangoni. Harold Sakata, mzaliwa wa Hawaii aliyeshinda medali ya fedha ya kunyanyua vyuma kwenye Olimpiki ya London mwaka 1948, alipigana mieleka kwa jina la Tosh Togo. Mwaka 1964 aliingizwa kwenye filamu ya James Bond, *Goldfinger*, akaigiza mtumishi wa Kikorea mwenye kofia inayokata shingo. Mtu wa Hawaii aliuzwa kama Mkorea, na muda wote anaguna tu.

Nusu karne baadaye mambo yalikuwa hayajabadilika sana. Dave Bautista, yule yule Batista ambaye jina lake walibandikwa wabeba mizigo wengi wenye vifua mitaani kwetu, aliigiza katika *Spectre* mwaka 2015, nayo ni ya James Bond. Anavunja watu na kubomoa behewa la treni. Katika filamu nzima anatamka neno moja, nalo ni tusi, sekunde chache kabla ya kuvutwa nje ya treni. Bautista mwenyewe hakukubali kubaki hapo. Alianza kutafuta sehemu ndogo zenye maneno mengi, akacheza *Blade Runner 2049* mwaka 2017, akaongoza waigizaji wa *Knock at the Cabin* mwaka 2023.

Dwayne Johnson alipita njia fupi zaidi. Ni mtoto wa mwanamieleka, Rocky Johnson, na ulingoni alijulikana kwa maikrofoni kuliko kwa ngumi: uwanja mzima ulirudia maneno yake. Hollywood ilipomwita alikuwa ameshaizoesha hadhira sauti yake. Kwa filamu yake ya kwanza kama kinara, *The Scorpion King* ya mwaka 2002, alilipwa dola milioni 5.5.

Lakini aliyenigusa zaidi ni André. Alizaliwa Ufaransa mwaka 1946 akiwa na ugonjwa wa tezi iliyo chini ya ubongo, inayomwaga homoni ya kukua bila kujua pa kuishia. Ugonjwa huo ulimpa utajiri na ndio uliomwua: alifariki Januari 1993 hotelini Paris, alikokuwa amekwenda kumzika baba yake, akiwa na miaka 46. Sehemu zake za mwanzo kwenye kamera zilikuwa za aina tunayoijua. Mwaka 1976 alivalishwa manyoya, akawa dubwana la msituni katika tamthilia ya televisheni.

Kisha mwongozaji Rob Reiner akamchukua kwa ajili ya *The Princess Bride*, filamu iliyotoka mwaka 1987. Humo André ni Fezzik, jitu lenye moyo laini linalopenda kuongea kwa vina. Kiingereza cha André kilikuwa kizito na sauti yake ilitokea chini kabisa ya kifua, hivyo Reiner alimrekodia maneno yote kwenye kaseti ili ayasikilize na kuyakariri. Mgongo wake ulikuwa umetoka kufanyiwa upasuaji. Pale hadithi inapotaka ampokee binti wa kifalme mikononi, ilibidi binti huyo ashikiliwe kwa nyaya zisizoonekana, maana mtu aliyesifiwa kuinua wanaume wazima hakuweza kubeba mwanamke mwembamba. Mwili umeshindwa kazi, na ndiyo filamu ambayo watu wanamkumbukia. Kilichobaki ni vina.

Jitu letu lilikuwa na ulimi

Msomaji wa pwani hapaswi kushangaa. Sisi tulikuwa na jitu la vina karne nyingi kabla ya Hollywood. Fumo Liyongo, shujaa wa Pate na Ozi, alikuwa naye mtu wa delta kama watu wa Kibiti, ila ya Mto Tana badala ya Rufiji. Masimulizi yanamtaja kwa urefu na nguvu za kutisha, na Muhammad Kijumwa alipoyaandika katika utenzi mwaka 1913, alihifadhi jambo ambalo Memphis haikulijua: jitu la Waswahili ni malenga.

Tazama anavyotoka gerezani. Sultani wa Pate amemfunga minyororo na askari wako mlangoni. Liyongo havunji ukuta. Anamwimbia Saada, kijakazi wa mama yake, beti ambazo askari wanazisikia kama wimbo tu, kumbe ni maagizo: mama aoke mkate wa wishwa, ndani yake afiche tupa. Mkate unafika, askari wanaudharau kwa sababu ni wa makapi, na usiku wa ngoma ya gungu, kelele za matari na vigoma zinafunika sauti ya chuma kikikatwa. Nguvu zake zilikuja kutumika mwishoni kabisa, baada ya ulimi kumaliza kazi.

Hata kifo chake hakikutokana na upungufu wa nguvu. Mwanawe wa kumzaa alihongwa, akamchoma sindano ya shaba kitovuni. Waswahili walimtazama mtu mkubwa kuliko wote waliowahi kumwona, wakatunga hadithi ambayo akili, wimbo, mama na usaliti vina nafasi kubwa kuliko misuli.

Ndiyo maana inauma kuona tulivyolisahau somo hilo tulipopata kamera zetu wenyewe. Fungua filamu yoyote ya Bongo yenye tajiri mwovu. Nyuma ya tajiri wamesimama mabaunsa wawili, miwani myeusi, fulana za kubana, mikono imekunjwa. Tajiri anafoka, mabaunsa wanatikisa vichwa. Wakitumwa wanakwenda, wakipigwa wanaanguka, na jina lao mwishoni huandikwa Baunsa 1 na Baunsa 2. Hatukuhitaji Wamarekani watufundishe kumtengeneza Kamala; tumemtengeneza wenyewe, tukamvisha suti.

Kwamba inawezekana vingine tumeshaona. Jacob Stephen, JB, ambaye mashabiki humwita Bonge la Bwana, ana mwili ambao mwandishi mvivu angeusimamisha mlangoni. Yeye amekuwa mume, baba, mlaghai, mtu anayechekesha na anayeliza, kisha akaingia nyuma ya kamera na kuwa mtayarishaji na mwongozaji. Unene haukumzuia kusema, na kusema ndiko kulikompa mkate.

Vijana wa Nyamisati na Mukono

Nenda Nyamisati, wilayani Kibiti, kwenye gati ya vyombo vya Mafia na vijiji vya ndani ya delta ya Rufiji. Maji yakijaa, vijana wanashuka matopeni na kupandisha mizigo: simenti, vitanda, friji, magunia ya unga. Wapo wanaobeba peke yao kitu ambacho watu wawili wangekitegea. Wamerithi kazi ya mababu waliokata boriti za mikoko na kuzijaza majahazini kwenda Zanzibar na Uarabuni. Na wakiwa kazini hawanyamazi. Wanataniana, wanabeza mabega ya mwenzao, wanaitana majina ya wanamieleka, wanambishia nahodha. Yeyote atakayekwenda huko kutafuta mabaunsa wa filamu atawapata kwa nusu saa. Akiwaambia wakae kimya, atakuwa amenunua samaki na kuitupa minofu.

Huko Mukono, karibu na Kampala, vijana wameshaonyesha njia. Walijenga ulingo wa miti, chini wakaweka tope mahali pa turubai, wakauita mchezo wao Soft Ground Wrestling, na video zao zikasambaa duniani kote. Jambo la kuangalia pale si kuruka kwao tu. Wanajichagulia majina, wanatunga ugomvi wao, wanapiga kelele zao wenyewe kwa lugha zao. Uganda imepata wanamieleka wake, na hakuna aliyelazimika kusahau namna ya kuongea.

Kwa hiyo kijana wa Kibiti atakayepigiwa simu aende Dar kuigiza kwa sababu tu ya ukubwa wake, aende. Nauli ni ya basi moja na pesa ni pesa. Ila kabla ya kukubali aulize mambo matatu: analipwa kiasi gani na mwenzake kiasi gani, nani atamtibu akiumia, na ana mistari mingapi. Swali la kwanza na la pili angeweza kuyajibu Harris mwenyewe, kwa uchungu. La tatu linamhusu pia mwandishi wa filamu, ambaye hahitaji bajeti kubwa kulitimiza. Maneno ndiyo kitu pekee kwenye filamu ambacho hakikodishwi, hakinunuliwi mafuta wala kulipiwa kibali. Kumnyima mtu hayo ni uchoyo, na watazamaji waliokulia vibandani, waliosikia jambazi bubu akipewa utani wa Kiswahili, wanajua tofauti.